Jiwe la Haloo

Phelesia aliapa mchana kweupe, sokoni Uriri, watu wakisikia, kwamba mguu wake hautavuka lango la Hemed mpaka Hemed achukue brashi afute uongo aliouandika juu ya jiwe. Kiapo kikakaa. Mwenye kuapa akazeeka, lango likaingia kutu, rangi ikachujuka kwa mvua za miaka, lakini uongo ukabaki unasomeka hata kwa mtu aliyeacha shule kabla ya kujua kuunganisha silabi. Herufi zilikuwa nyekundu, kubwa kama za tangazo la soda: HAPA NDIPO HEMED ALIGUNDUA NETIWEKI.

Na netiweki aliigundua Phelesia. Kwake hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Ni kama kuuliza nani alimzaa Lynnet, binti yake.

Jiwe lenyewe liko nyuma ya maduka, mahali ambapo zamani palikuwa malisho ya mbuzi tu. Ni pana, lina mgongo kama kiboko aliyelala. Upande mmoja unapandika kwa mteremko, upande wa pili umekatika ghafla. Kabla ya simu halikuwa na jina. Watu walianika mihogo hapo, basi. Jina lilikuja miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia, netiweki ikapatikana Kisii na Migori mjini, na huku katikati hakuna kitu. Ndipo Wajaluo wakaliita Kit Haloo, jiwe la haloo, maana ukiwa bado uko mbali sokoni ungesikia watu wakipiga kelele juu yake: "Haloo! Haloo! Unanisikia? Haloo!"

Mumewe Phelesia, Cephas, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai Kericho. Ndoa yao yote ilikuwa hivyo, mume Kericho, mke Uriri na tumbaku. Phelesia ndiye aliyepanda, aliyechuma, aliyefunga majani kwenye fito, aliyelinda moto wa tanuri usizidi ukaunguza jasho la msimu mzima. Cephas alikuja Agosti na Krismasi, akatengeneza kila kilichovunjika nyumbani, akaondoka. Watoto walimjua kama mtu wa spana. Barua hazikuwafaa sana, kwa sababu Phelesia ilimbidi atafute wa kumsomea, na anayekusomea barua ya mume wako lazima aipunguze chumvi au aiongeze. "Maneno ya Cephas yakinifikia," alikuwa akisema, "yameshapita kwenye midomo ya watu, yamepoa."

Basi Cephas akanunua simu mbili, moja yake na moja ya mkewe, nene kama vipande vya sabuni ya kufulia. Ya mke ikaletwa na dereva wa lori pamoja na maagizo: Jumapili watu wakitoka kanisani nitapiga. Phelesia akaitia kifuani. Jumapili ikafika, ikapita, kimya. Akazunguka nayo shambani ameinyanyua juu, akapanda kichuguu, akapanda tanuri la tumbaku, akasimama kisimani. Majirani wakashika mbavu.

"Yawa, min Lynnet, mama Lynnet huyu, anaomba mvua!"

"Wacheni mama wa watu. Anatafuta bwana hewani."

Jumapili nyingine alipotoka kanisani alikuta mbuzi wake mweupe hayupo mahali alipomfunga, si kamba wala mbuzi. Alikuwa mbuzi mtundu, mla nguo. Akamfuata kwa mlio wake mpaka nyuma ya maduka, akamwona juu ya lile jiwe, kamba imenasa kwenye kichaka kilichoota katika ufa wa jiwe. Akapanda akimtukana mbuzi, mama yake mbuzi na aliyemuuza. Alipoinama aishike kamba, kifua kikalia. Nusura aanguke upande uliokatika.

"Haloo?"

"Phelesia."

Sauti ilikuwa ya moto kabisa, haijapita mdomo wa mtu. Phelesia alichungulia nyuma ya kichaka.

"Wewe uko wapi?"

Cephas akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Niko Kericho, mama. Ukitaka kuniangalia, elekea jua linakotoka, halafu kidogo kushoto."

Naye akageuka. Akaelekea jua linakotoka, halafu kidogo kushoto, akasimama wima na mbuzi wake, wakaongea mpaka kadi ikaisha.

Hivyo ndivyo desturi ya jiwe ilivyoanza. Jumapili iliyofuata walikuja watu watatu na simu zao, iliyofuata kumi, mwishowe palikuwa na foleni ya watu wenye nguo za kanisani kana kwamba ibada imehamia huko. Na kwa kuwa wa kwanza alionekana akielekea kwa mume wake, kila mtu akajua ndiyo sheria: unayempigia akiwa Nairobi, elekea Nairobi, akiwa Mombasa, elekea Mombasa, na ukikosea usilaumu simu. Bitutu, mama wa Kikisii aliyeuza ndizi, alielekea Kisii. Na hakuna ruhusa kupita mbele ya mtu anayeongea. Ukilazimika, unainama kama unayepita mbele ya wakwe. Mzee Onchiri alimtandika mtu fimbo hapo kwa sababu alisimama njiani wakati mwanawe wa Thika anaeleza jambo la maana. "Umekata maneno ya mtoto wangu!" alifoka. "Yaokote!"

Phelesia alijifunza tarakimu zote kwa sababu ya simu ile. Shule haikuweza, jiwe likaweza. Na Hemed, mwenye duka aliyetoka Isiolo, akaja akaweka meza chini ya jiwe, akauza kadi za kukwangua, akachaji simu za watu kwa betri ya gari.

Halafu mnara ukajengwa. Netiweki ikaingia kila nyumba bila kubisha hodi, na jiwe likarudi kuwa jiwe. Cephas alifia Kericho mwaka mmoja baadaye, ghafla, akiwa kazini. Habari ilimkuta Phelesia jikoni, mwiko mkononi. Mpaka leo husema: "Kama ingekuwa zamani, ingebidi nipande jiwe kwanza. Na kabla sijafika juu, Cephas angekuwa bado hai kidogo."

Hemed akanunua kile kiwanja, akajenga ukuta na stoo, jiwe likabaki ndani ya ua wake. Akachukua rangi nyekundu. Phelesia akaapa. Mnayajua hayo.

* * *

Sasa Phelesia anaishi Homa Bay kwa Lynnet, kwa ajili ya nyonga. Alikataa, akaburutwa. Lynnet ana hoteli karibu na ziwa, anauza samaki wa kukaanga na ugali, na mama yake amepewa chumba chenye dirisha na kiti kizuri na simu ya kugusa. Netiweki imejaa tele. Iko kitandani, iko jikoni, iko mpaka chooni. Kilichokosekana ni mtu wa kupigiwa.

"Piga tu kwa kanisa, mama, uongee na wenzako," Lynnet humwambia.

"Niwaambie nini? Kwamba niko kwa kiti?"

Siku za Jumapili baada ya kanisa hushindwa kutulia. Huhama na kiti chake kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka uani. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini, na kama angeulizwa angesema anatafuta kivuli.

Bitutu ndiye aliyeleta habari, kwa simu, akiwa kwenye ndizi zake Uriri. "Haloo, Phelesia! Umesikia Hemed anauza? Anarudi kwao Isiolo kwa kijana wake. Aliyenunua anataka kujenga ghorofa. Jiwe wanapasua kokoto."

"Lini?"

"Mashine ya kupasua imefika jana. Iko kwa barabara hapa, naiona."

Phelesia alikata simu, kitu ambacho hakikuwa tabia yake, na akabaki anaitazama nyonga yake kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Mjukuu wake Irine, binti ya Lynnet, anatangaza katika redio moja ya hapo mjini. Ana kipindi cha mambo ya zamani: vyuma na mitambo ilivyofika huku, nani aliwasha ya kwanza, nani alikimbia alipoisikia. Wiki hiyo alikuwa ameazima Probox aende Osiri, kwenye mabaki ya mgodi wa kale, arekodi habari za dhahabu. Alipofungua mlango wa gari asubuhi alimkuta bibi yake ameshaketi, ameshafunga mkanda, kitambaa cha kanisani kichwani.

"Dani, unaenda wapi?"

"Si unazunguka kuangalia vitu vilivyoanza mambo? Twende. Ukimaliza vya wazungu, nitakuonyesha changu."

Osiri walikuta gurudumu la chuma lililozidi kimo cha mtu, limeliwa na kutu, nyasi zimelipenya. Irine akashika kinasa sauti chake, akaeleza kwa sauti yake ya redio jinsi mtambo ulivyosaga mawe yenye dhahabu enzi hizo. Hatua chache kando yake, wanawake walikuwa wameketi kwenye vumbi wakiponda mawe yale yale kwa nyundo. Phelesia aliwatazama hao, gurudumu akalipa mgongo.

"Mashine ilikufa," akasema, "mwanamke anaendelea. Mbona yeye hamumrekodi?"

"Nitamrekodi, dani."

"Na kabla ya hilo gurudumu nani alikuwa anaponda?"

"Sijui. Haikuandikwa."

"Alikuwapo. Sema tu hakushika brashi." Akarudi garini akichechemea. "Twende Uriri. Huku hakuna mtu ninayemjua."

* * *

Waliposimama mbele ya lango la Hemed, Phelesia hakushuka. Lango lilikuwa wazi, na jiwe lilionekana kwa ndani, dogo kuliko alivyolibeba kichwani miaka yote hii. Vumbi la ile mashine ya kokoto lilikuwa linatimka barabarani.

"Ingia umwambie alilete hapa nje," akasema.

"Dani, alete nini?"

"Jiwe."

Irine akaweka kichwa kwenye usukani. "Dani. Jiwe haliletwi nje."

"Basi tunakaa."

Wakakaa. Jua likapanda. Phelesia alikuwa anapigana na mtu, na huyo mtu alikuwa yeye mwenyewe. Kiapo ni kiapo. Mwanamke anayevunja kiapo chake hana tofauti na kuku anayekula yai lake. Lakini kesho jiwe ni kokoto, na hatasimama tena pale alipoisikia sauti ya Cephas, wala hataelekea tena kule. Maisha ni kitu cha ajabu: mtu anaweza kulima ekari za tumbaku na kuzika mume na kuhama mji, halafu kinachomshinda ni upana wa lango.

Mara akainua kichwa.

"Irine. Mimi niliapa nini?"

"Kwamba mguu wako hautavuka lango la Hemed."

"Mguu. Sikuapa gari. Ingiza gari."

Probox ikaingia uani ikitisha kuku. Mulki, mke wa Hemed, akatoka na kitambaa cha mikono, akapiga yowe la furaha alipomwona aliyeko ndani. Hemed alikuwa kwenye kiti cha kamba, ndevu zimekuwa nyeupe pe, mkongojo mapajani. Akatazama gari, akatazama lango, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mama Lynnet! Karibu! Leo umeingia kwangu!"

"Mimi sijaingia. Gari ndiyo imeingia. Mimi nimeshuka tu."

"Mulki, weka chai. Mgeni wa gari amefika."

"Nimekuja kusimama juu ya jiwe langu kabla hamjaliuza kama mbuzi wa wizi."

"Jiwe lako!" Hemed akapiga mkongojo chini. "Hati ya kiwanja ina jina la nani? Na maandishi yale yanasemaje? Soma."

"Sijui kusoma uongo."

Irine alitaka kumshika mkono. Alipigwa kofi la vidole. Phelesia akaushika mteremko mwenyewe, hatua, pumzi, hatua, na nyonga ilipokataa kabisa akashuka kwa magoti na viganja, kitambaa cha kanisani kikaning'inia sikioni. Katikati akakwama. Ndipo Mulki akaja kutoka nyuma, hakuomba ruhusa, akaweka bega na kumsukuma kama anayepandisha gunia la mahindi kwenye lori, na Phelesia akafika juu akiwa amekasirika na akiwa amefika.

Akasimama, akapangusa magoti. Akalitafuta jua linakotoka, halafu kidogo kushoto.

Ukuta. Ukuta wa stoo ya Hemed, na juu yake tangi la maji jeusi. Hapo ndipo palipokuwa Kericho.

Alisimama akilitazama lile tangi kwa muda mrefu hivi kwamba Mulki aliyeleta chai aliishika tu, hakuitoa. Phelesia hakuwa amekuja kufanya kitu chochote. Alidhani akifika tu pale kitu kitamjia chenyewe. Kumbe kilichokuwa kikija zamani hakikuwa kwenye jiwe, na alilijua hilo, na bado alikuwa amepanda.

"Dani," Irine akaita kwa upole kutoka chini, kinasa sauti mkononi, "tuambie basi ilivyoanza. Nimewasha."

Phelesia akaanza. Akaeleza tumbaku, akaeleza simu ya sabuni, akaeleza kichuguu. "Siku hiyo nikatoka kanisani, nikakosa mbuzi wangu. Nikamfuata, nikamkuta hapa, kamba imejisokota kwa kichaka imenasa..."

"Imejisokota!" Hemed akafoka kutoka kwenye kiti chake. "Wallahi leo nimechoka. Miaka yote hii nasikia kamba imejisokota. Mama Lynnet, ilikuwa na mafundo mawili! Mbuzi anafunga mafundo mawili?"

"Zima hiyo kitu!" Phelesia akamwamuru mjukuu wake. "Zima! Uongo wake usiingie redio."

Irine akazima.

"Wewe umeyajulia wapi mafundo yangu?"

"Kwa sababu niliyafunga mimi."

Phelesia akageuka, akamtazama kutoka juu ya jiwe.

"Ulishika mbuzi wangu," Phelesia akasema polepole.

"Nilimshika. Nilimfungua nyuma ya nyumba yako mkiwa kanisani, nikamleta hapa nikamfunga. Na nilikuwa natetemeka. Mimi mtu wa kuja, nikutwe navuta mbuzi wa mke wa mtu? Watu wa hapa wangeniacha na meno? Nani angeniuliza kwa nini?"

"Kwa nini?"

Hemed akamtazama mkewe. Mulki akasema, "Mwambie, mzee. Unataka kwenda na amana ya mtu mpaka Isiolo?"

"Cephas alipokuwa likizo alikuja dukani," Hemed akaanza, sauti imeshuka. "Akasema, Hemed, wewe ni mtu wa kutembea, una simu ya kwako, nitafutie mahali netiweki inashika hapa Uriri, nataka kumtumia mama simu. Nikatafuta mpaka watu wakasema nimerukwa. Ijumaa moja, baada ya swala, nikaipata. Hapa juu. Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia, iko kwa jiwe, nimwambie mke wako? Akasema usithubutu. Akasema, Phelesia ukimwambia panda, atashuka. Ukimwonyesha jiwe, atasimama miaka chini ya mti. Mfanye aione mwenyewe. Jumapili saa ya kutoka kanisani nitapiga mpaka apokee. Nikauliza, kwa nini taabu yote hiyo, si nimpeleke tu kwa mkono? Akasema, hapana. Nataka nisikie akisangaa."

Phelesia alishika kichaka. Kilikuwa bado kiko, mizizi ufani.

"Alisemaje?"

"Si nimesema."

"Hilo la mwisho."

Hemed hakuwa Mjaluo. Sha na shi zake zilikuwa safi kama sahani mpya, na watu wa Uriri walikuwa wakimtania kwazo toka alipofika. Kusema "sangaa" badala ya "shangaa" hakukuwa kwenye ulimi wake. Ulikuwa ulimi wa Cephas, ambao miaka yote ya Kericho haikuweza kuunyoosha. Wenzake wa kiwandani walimcheka kwa hilo, naye akawa analisema kwa makusudi. Uongo wa Hemed ungekuwa na sha ndani yake. Huu haukuwa nayo.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mtu aliyekufa alikuwa amemsemea jambo, na jambo hilo lilikaa dukani kwa mpinzani wake kama mzigo usiochukuliwa, likiwa bado la moto, mdomo mmoja tu limepita, tena mdomo ulioogopa hata kulinyoosha.

"Mbona hukuniambia alipokufa?"

"Aliniapisha. Halafu wewe ukanitukana sokoni. Nikasema, huyu? Nimpe? Akae na mbuzi wake." Hemed akapangusa jicho kwa kiganja, akalisingizia vumbi la barabarani.

Phelesia akageuka tena kule kwenye tangi. Aliposema, alisema bila kumtazama mtu.

"Hemed. Rudia."

Na Hemed, ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mzee, akanyoosha mgongo kwenye kiti chake.

"Nitarudia. Mara nyingi unavyotaka, mpaka magharibi. Lakini kwanza tumalize moja. Nani aligundua netiweki Uriri?"

"Mzee!" Mulki akamkemea.

"Niache, mama. Ni haki yangu. Na huyo mtoto awashe kitu chake."

Irine hakujua amtazame nani. Akamtazama bibi yake. Phelesia alikuwa amekunja uso wake wote kama ngumi. Alikuwa na kitu kimoja maishani ambacho hakupewa na mume, wala kanisa, wala mtoto. Kitu alichokipata mwenyewe, kwa miguu yake, siku aliyochekwa na majirani. Alikilinda kuliko nyonga. Alihama nacho mpaka Homa Bay. Na sasa kinaombwa na mzee wa Isiolo mwenye chai mkononi, mbele ya redio.

Barabarani mashine ya kokoto ikanguruma, ikazima, ikanguruma tena, walikuwa wanaijaribu.

"Washa," akamwambia Irine.

Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Mimi ni Phelesia, mke wa Cephas, wa hapa Uriri," akasema kwa sauti kubwa, ile ya zamani ya kupigia watu wa mbali. "Netiweki ya hapa iligunduliwa na Hemed. Siku ya Ijumaa. Mimi niliambiwa na mbuzi." Akapumua. "Sasa Hemed, sema. Na usilitengeneze. Useme vile vile na hiyo sangaa yake."

Hemed akaweka kikombe chini. Akasema.

"Tena," akasema Phelesia.